Je, Wajua? Sindano Iliyomuua Liyongo na Nyuzi Nyingine za Fasihi

Ukitoka mzunguko wa Globe na kupanda kuelekea Ngara, sauti inayokulaki baada ya honi za matatu ni ya cherehani. Mafundi wamejaa kwenye baraza za majengo ya zamani ya Wahindi, chini ya ngazi na vibandani sokoni, kila mmoja na futi shingoni na lundo la suruali za kupunguzwa. Leo safu hii inawapumzisha wanasiasa na wanyama wa mbugani. Tunafuata sindano, uzi, ushanga na patasi ndani ya vitabu, kwa sababu wasomaji wengi wa fasihi husikiliza wahusika wanasema nini na kusahau kutazama mikono yao inafanya nini. Nasi tunaanzia papa hapa Ngara.

Je, wajua kwamba Ngara ilikuwa na mwandishi wake? Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928. Alikuja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu chini ya misheni ya CMS, akaolewa na Mjaluo mwaka 1960, na baada ya uhuru akachukua uraia wa Kenya. Ngara ilikuwa makao yake kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2015, na kufikia wakati huo Wakenya walikuwa wamezoea kumwita mama wa fasihi ya Kenya. Wanafunzi wengi wanamkumbuka kwa shairi la Atieno, yule mtoto wa kazi asiyelipwa. Wachache wanakumbuka jinsi alivyojua kuandika juu ya uzi.

Je, wajua kwamba riwaya yake mashuhuri, Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986 na kushinda Tuzo ya Sinclair, ina mhusika mkuu anayekombolewa na kazi za mikono? Paulina anashuka kwenye treni Nairobi mwaka 1956, msichana wa miaka 16 mwenye mimba, akimfuata mumewe Martin Were. Ni wakati wa Hali ya Hatari. Mimba inatoka, anapotea mjini, anakamatwa, na akirudi nyumbani mume anampiga. Martin ndiye anayejua mji, lugha na vibali, naye mke anajua kungoja tu.

Kisha Paulina anaanza kujifunza. Anashika uzi, anashona, na hatimaye anapata nafasi ya kusomea kazi za nyumbani Kisumu, ambako anakuja kuwa kiongozi wa vikundi vya wanawake. Analipwa mshahara, ana chumba chake, na Martin akija anabisha hodi. Wahakiki hupenda kusema kwamba Paulina anakua sambamba na taifa la Kenya, nami siwapingi. Ila taifa lilipata uhuru usiku mmoja kwa bendera na ngoma, na Paulina akaupata wake polepole, kitambaa baada ya kitambaa. Nikiulizwa ni uhuru upi ulioandikwa vizuri zaidi katika kitabu hicho, nitachagua wa pili bila kusita.

Na je, wajua kwamba vikundi vya namna hiyo havikuzuka kitabuni? Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yake, na masomo yake ya mwanzo yalikuwa kushona, kupika na usafi wa nyumba. Mwanzoni wanawake wa Kizungu ndio waliokuwa wakiongoza. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuishika hatamu, na baadaye akaingia Bunge. Mkoloni alikuwa akiwafunza wake watulivu, akawapata wanawake waliozoea kuitisha mkutano, kutunza hesabu na kupiga kura.

Vile vitambaa vya kroshia vinavyolala juu ya makochi, redio na meza za sebule zetu vimetokana kwa kiasi kikubwa na shule za misheni na vikundi hivyo. Vijana wanavicheka, lakini ni nadra kukuta sebule ya bibi wa Kenya isiyo navyo, ikiwa ya kweli au ya riwaya.

Je, wajua kwamba kilima cha jirani, Museum Hill, kimetoa riwaya nzima ya ushanga? Jumba la makumbusho lilifunguliwa hapo mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Miongo kadhaa baadaye idara yake ya ethnografia iliongozwa na Sultan Somjee, Mkenya wa asili ya Kihindi ambaye pia ndiye aliyechochea makumbusho ya amani ya jamii mbalimbali. Mwaka 1993 alichapisha kitabu juu ya vifaa na sanaa za jamii za Kenya. Alipohamia Kanada aliandika riwaya, Bead Bai, iliyotoka mwaka 2012.

Mhusika wake ni Sakina, msichana wa jamaa ya Waismailia anayekulia Nairobi ya wakoloni na kuishia katika duka la Umasaini. Kazi yake ni ushanga: kuuchambua, kuupanga rangi kwa rangi, kuutunga kwenye nyuzi ili wanawake wa Kimasai waukute tayari. Wanawake wa namna yake walikuwepo kweli, nyuma ya kaunta za maduka madogo kuanzia mjini hadi mipakani. Kila mtalii hupiga picha mkufu wa Kimasai, na kila kitabu cha picha kinausifu kuwa urembo wa kale wa Kiafrika. Shanga zenyewe zilitoka viwanda vya kioo vya Venice na Bohemia, zikapita mikononi mwa mama wa Kigujarati aliyezichambua kwenye sinia, ndipo zikafika kwa mama wa Kimasai aliyejua rangi ipi ikae kando ya ipi. Somjee anamwacha Sakina ajifunze kwa wateja wake, mpaka mkufu wa Kimasai unakuwa kitu anachokielewa kwa vidole. Ni kitabu kinachostahili kusomwa Ngara kuliko mahali pengine popote, maana mitaa hii ilijengwa na watu wa Sakina na sasa inaendeshwa na wateja wao.

Je, wajua kwamba kitabu kifupi kuliko vyote kwa Kiswahili huuzwa kwa doti? Leso, au kanga kama wasemavyo Watanzania, ina pindo, mji na jina, na mnunuzi hulisoma jina kabla hajauliza bei. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, lililoanza mwaka 1887, ndilo hutajwa kila inapozungumzwa historia ya maandishi hayo, na chapa yake ya Mali ya Abdulla bado inafahamika. Nairobi maduka ya leso yapo Biashara Street, barabara ambayo zamani iliitwa Bazaar Street. Mchapishaji ni tajiri, mtunzi wa jina hajulikani, na anayekamilisha kitabu ni fundi wa barazani: yeye ndiye akatiye doti vipande viwili na kupiga pindo.

Sasa twende kisiwani Pate.

Je, wajua kwamba sindano maarufu kuliko zote katika fasihi ya Kiswahili haikushona chochote? Fumo Liyongo, shujaa na mtunzi, hakuuliwa na mshale wala mkuki. Mtawala wa Pate alipomchoka, alimfunga gerezani, na Liyongo akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Mkate huo aliuoka mama yake na ukapelekwa na kijakazi Saada, kwa sababu walinzi walizoea kula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa vibaya. Mtawala akabadili mbinu. Akamwita mwana wa Liyongo, akamwahidi cheo na mke, akamtuma akamuulize babake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Liyongo alijua anaulizwa kwa nini. Hata hivyo akajibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Kijana alipewa sindano, akarudi, akamvizia babake amelala, akachoma. Liyongo akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kuuvuta upinde tayari kulenga. Akafa vivyo hivyo. Watu wa mji walikaa na kiu wakidhani yu hai, hawathubutu kuteka maji, mpaka mama yake alipokuja kumbembeleza na mwili ukaanguka. Tazama jinsi mtunzi alivyopanga vyombo vyake: mfungwa anafunguliwa kwa tupa, kifaa cha mhunzi, anauawa kwa sindano, kifaa cha mshoni, na silaha halisi, ule upinde, inabaki kuwatisha watu akiwa maiti. Mwana naye, masimulizi yanasema, hakufaidi alichoahidiwa.

Na je, wajua kwamba mtu ambaye tuliupokea utendi wa Liyongo kutoka kwake alikuwa fundi? Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913. Aliishi hadi miaka ya 1940, na katika maisha yake marefu alichonga milango, aliandika hati nzuri kuliko waandishi wengi wa wakati wake, alitunga, alipiga muziki, na aliwanakilia mashairi Wazungu waliokuja kuyatafuta, wakiwemo Alice Werner na William Hichens. Ukikuta msomi anaubagua mkono ulioshika patasi na ule ulioshika kalamu, mtajie Kijumwa.

Kitendawili cha haraka: huwavika watu nguo, mwenyewe yu uchi. Mtoto wa darasa la 3 atakujibu kabla hujamaliza: sindano.

Je, wajua kwamba pwani yetu iliingia katika maandishi ya dunia kwa sababu ya kushona? Mwongozo wa baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, uitwao Periplus, unautaja mji wa soko wa mwisho kabisa kusini mwa pwani hii kwa jina la Rhapta, na kueleza kwamba jina limetokana na mashua zake zilizoshonwa. Hazikupigiliwa misumari: mbao zilitobolewa kando kando, zikafungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ufundi huo ulidumu hadi karne ya 20 katika mtepe wa visiwa vya Lamu, uliokuwa pia na tanga la mkeka. Kwa hiyo chombo kizima, ubavu na tanga, kilitoka kwa watu wa kushona na kusuka.

Ibn Battuta naye, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameacha maelezo ya mashua za namna hii katika kitabu chake cha safari. Anasema chombo chenye misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kwa kamba hunepa na kuokoka. Katika kitabu hicho hicho anasifu kitambaa kilichofumwa Mogadishu, ambacho kilisafirishwa hadi Misri. Jamaa huyu aliyekuwa na jicho la mfanyabiashara hakupitwa na nguo.

Hata wageni wa mwaka 1498 hawakupitwa. Mwandishi wa shajara ya safari ya Vasco da Gama, meli zilipotia nanga Kisiwa cha Msumbiji, alisimama kuandika juu ya vilemba vya wenyeji vyenye pindo za hariri iliyotariziwa kwa dhahabu. Wareno walikuja na shanga na vikorokoro wakidhani watawashangaza watu, wakaishia kushangaa wao.

Je, wajua kwamba Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, ni pia orodha ya vitu vya nyumbani? Kabla hajatuonyesha popo na buibui, mtunzi anatupitisha vyumbani: vitanda, magodoro, mito ya kichwani na miguuni iliyonakshiwa kwa uzi. Anajua kwamba msomaji hataulilia ukuta. Mto uliotariziwa una mtu aliyeinamia kazi hiyo usiku na mchana, na mwenye kuulalia aliyedhani hatakufa. Hapo ndipo moyo unakatika. Pate yenyewe ilisifika kwa vitambaa vyake vya hariri, vilivyofuatwa na wafanyabiashara wa Kireno. Mtunzi hakuwa akibuni anasa.

Je, wajua kwamba binti wa Sultani wa Zanzibar aliitumia kazi ya sindano kuwajibu Wazungu? Sayyida Salme alizaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake Berlin. Ulaya wakati huo iliamini kwamba mwanamke wa nyumba ya kifalme ya Kiarabu hulala kutwa akila halua. Salme anakanusha, na miongoni mwa ushahidi wake ni ushoni, utarizi na ufumaji wa vipande vya lesi, kazi ambazo wanawake wa jumba walizifanya kwa ustadi mkubwa.

Kalamu nayo ilikuwa jambo jingine. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Sindano aliruhusiwa, kalamu aliiba, na leo tunaijua sindano hiyo kwa sababu ya ile kalamu.

Je, wajua kwamba wasifu maarufu kuliko wote wa Kiswahili unaanzia kwenye vyungu? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini ya wafinyanzi, na ujanani alitembeza vyungu vya kuuza. Sauti aliyoinadia bidhaa ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saadi hakuuficha umaskini huo. Aliujua uzito wake. Wenye wivu waliwahi kumtupia Siti maneno juu ya kaniki aliyokuja nayo mjini, nguo nyeusi ya watu wa kazi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Siti alikula gaeni, kisha akala kwenye sahani za masultani.

Je, wajua kwamba rais wa kwanza wa Kenya aliandika juu ya vyondo? Katika Facing Mount Kenya, kitabu cha mwaka 1938 kilichotokana na masomo yake London chini ya Malinowski, Jomo Kenyatta ana sura juu ya viwanda vya Wagikuyu: uhunzi, ujenzi wa nyumba, ufinyanzi, ususi wa vyondo, utengenezaji wa ngozi. Anaviita viwanda bila kuomba radhi, wakati ambapo wakoloni waliviona kama michezo ya porini. Vyungu na vyondo ni kazi ya wanawake, anaeleza. Kiondo cha zamani kilisukwa kwa nyuzi za magome ya miti na vichaka. Huu mkonge tunaoudhania wa jadi ulifika Tanganyika mwaka 1893, alipouleta Mjerumani Richard Hindorf, na asili yake ni Meksiko.

Upande wa magharibi wa mji, kule Karen, kuna fundi mwingine wa vitabuni. Karen Blixen, katika Out of Africa ya mwaka 1937, anamkumbuka Pooran Singh, mhunzi wa shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong, na banda lake la cheche na nyundo lililovuta wanaume wa jirani kama baraza. Mama huyo wa Kidenmaki ana mengi ya kujibu kwa namna alivyowaona Waafrika. Kwenye banda la mhunzi, hata hivyo, macho yake yalikuwa wazi.

Je, wajua kwamba malalamiko ya mwanagenzi dhidi ya fundi wake yamo katika riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ wa Thiong'o? Katika Weep Not, Child (1964), Njoroge anapelekwa shule na kaka yake Kamau anapelekwa kwa seremala Nganga. Kamau analia kwamba hafundishwi: anapewa randa la kushika, kazi nzito za kusukuma, na mke wa fundi anamtwika mtoto wa kulea. Kila aliyewahi kujifunza ufundi Nairobi anaujua wimbo huo. Ngũgĩ alikuwa na sababu ya kuujua, kwani kaka yake mwenyewe, Wallace, alikuwa seremala. Wasomaji wamemfanya Njoroge kuwa shujaa wa riwaya. Mimi nasema Kamau ndiye aliyeleta unga nyumbani.

Na Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyosomwa na maelfu ya watahiniwa wa KCSE? Inafunguka karakanani. Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago katika Soko la Chapakazi, jimbo la Sagamoyo, na mtawala Majoka anataka vinyago vya mashujaa wa sherehe. Sudi anakataa kumchongea. Anachonga mwanamke, shujaa anayemwona yeye. Siasa yote ya mchezo huo inaweza kuonekana kwenye kipande cha mti kabla mtu hajatoa hotuba. Kumbuka pia kwamba uchongaji wa biashara Ukambani una historia: Mutisya Munge wa Wamunyu aliuona ufundi huo Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kwao.

Je, wajua kwamba mtoto wa Nairobi aliandika riwaya nzima iliyotoka ndani ya gunia? M. G. Vassanji alizaliwa hapa mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam. The Gunny Sack, ya mwaka 1989, inafungua gunia la urithi, na kila kitu kinachotolewa kina hadithi yake. Kwenye duka la familia kuna fundi wa nguo aitwaye Edward bin Hadith. Jina hilo halikuja kwa bahati: yeye ndiye mwenye visa. Nani asiyejua kwamba fundi akianza kukanyaga cherehani, mdomo nao unaanza safari?

Halafu yuko mzee Sulemani. Katika Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021, kijana Hamza anarudi kutoka vita vya Wajerumani akiwa na jeraha la mguu na la moyo. Anapata kazi kwa mfanyabiashara Nassor Biashara, na baadaye kwenye karakana ya samani. Sulemani ndiye seremala mkuu, na akipumzika hushika kofia anayoitarizi. Gurnah haelezi kwa maneno makubwa jinsi askari anavyopona. Anamweka tu karibu na mbao, na karibu na mzee anayejaza kofia yake matundu na nyuzi bila haraka. Mwenye kujua kofia za vito za Lamu, zinazomaliza miezi mkononi, ataelewa bila kuambiwa.

Sasa za haraka haraka kutoka ng'ambo.

Wajua kwamba Penelope, mke wa Odiseo katika utenzi wa Homer, aliwazuia wachumba kwa miaka 3 akifuma sanda ya baba mkwe mchana na kuifumua usiku? Mafundi wa njoo kesho wana babu zao.

Wajua kwamba Madame Defarge wa Dickens, katika A Tale of Two Cities (1859), alikuwa akifuma majina ya watakaokufa? Hakuandika karatasi yoyote ya kukamatwa nayo.

Wajua kwamba Hester Prynne wa Hawthorne, katika The Scarlet Letter (1850), alilazimishwa kuvaa herufi ya aibu kifuani, akaitarizi kwa ustadi hadi wanaomhukumu wakawa wateja wake?

Wajua kwamba kilichomuua Desdemona wa Shakespeare ni leso ya mkononi iliyotariziwa matunda ya stroberi?

Wajua kwamba tamthilia ya Julius Caesar inafunguliwa na seremala na mshona viatu? Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, kwa hiyo mshona viatu huyo anawajibu wakubwa kwa Kiswahili. Anaulizwa kwa nini ameacha kazi na kuongoza watu barabarani. Anasema anataka viatu vyao viishe apate kazi zaidi. Angefaa sana kuwa na kibanda karibu na stendi ya Ngara.

Wajua kwamba mashine ya kushona ya Singer, iliyopata hataza mwaka 1851, ndiyo iliyoeneza ununuzi wa lipa kidogo kidogo? Edward Clark, mshirika wa Singer, aliuanza mpango huo mwaka 1856. Ukikopa simu leo, unafuata nyayo za cherehani.

Na hii ya mwisho ya ng'ambo ina mlango unaofunguka huku kwetu. Alice Walker, mwandishi wa Marekani, alifika Kenya katikati ya miaka ya 1960 akiwa mwanafunzi. Mwaka 1973 alitoa hadithi fupi, Everyday Use, juu ya mablanketi yaliyoungwa na bibi kutokana na vipande vya nguo kuukuu za ukoo. Binti msomi, Dee, anarudi nyumbani na jina jipya la Kiafrika, Wangero, ambalo msomaji wa Nairobi atalisikia kama Wanjirũ aliyeparaganyika. Anayataka mablanketi ayatundike ukutani. Mdogo wake Maggie, asiye na shule ya maana, angeyalalia tu, lakini anajua kuyashona mengine. Mama anampa Maggie. Nimewasikia watu wakimtetea Dee, kwamba bila yeye mablanketi yataoza. Kwangu mimi mama aliamua sawa. Blanketi likioza, Maggie ataliunga jingine. Dee atabaki na ukuta.

Tuseme basi hesabu ilivyo. Makuli wa bandarini wana riwaya yao, Kuli ya Adam Shafi, tangu 1979. Mkulima ana Utubora wa Shaaban Robert. Muuza vyungu aliyegeuka malkia wa taarab ana wasifu. Fundi cherehani, ambaye hakuna harusi, shule wala maziko yasiyopitia mikononi mwake, hajapewa riwaya kubwa ya Kiswahili, na hilo ni deni la waandishi wetu. Wewe kijana unayetafuta kisa cha kuandika, chukua suruali yenye pindo lililofumuka, nenda Ngara, uketi kwenye benchi ya fundi. Atakuambia ungoje kidogo. Ngoja, na usikilize.